Waifai haifiki chumba cha nyuma: ripita, ruta ya zamani, aksesi pointi ya dari au meshi?

Ruta ya faiba iko sebuleni kwa sababu hapo ndipo fundi alipoingizia waya siku ile. Sebuleni mambo ni mazuri. Vuka korido, ingia chumba cha nyuma: simu inashika na kuachia, video inazunguka bila kuanza, na mtoto mwenye kazi ya shule anatoka na daftari lake kwenda kukaa ngazini kutafuta mawimbi. Wengi wakifika hapo huipigia kampuni ya intaneti waongezewe kasi. Nimeingia nyumba kadhaa zilizofanya hivyo, zikawa zinalipa zaidi kila mwezi, na chumba cha nyuma kikabaki vilevile. Intaneti ilikwishafika nyumbani. Iliyokosekana ni njia ya kuifikisha chumbani.

Njia zinazopatikana madukani kwetu ni nne: ripita, ruta ya zamani iliyogeuzwa kazi, aksesi pointi ya dari (kifaa cha kusambaza waifai kinacholetewa mtandao kwa waya), na meshi. Mimi huwafungia ndugu na majirani mitandao ya ndani, na kwa muda nilisimamia mtandao wa shule moja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kwenye nyumba za pwani zenye kuta nene. Hizi nne zote nimezifunga mahali fulani zikafaa, na zote nimewahi kuzifungua mahali pengine nikazirudisha kwenye boksi. Kwa hiyo tuanze na nyumba yako, vifaa vitafuata.

## Mambo ya kupima kabla ya kwenda dukani

Kuta. Waifai hutumia zaidi masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12 hivi na hupenya vizuri zaidi. La 5 GHz ni kama nusu ya hapo; hubeba data nyingi lakini hudhoofika upesi linapokutana na ukuta. Ubao wa jipsamu hauyasumbui sana mawimbi. Tofali la saruji huyapunguza. Slabu ya zege yenye nondo huyapunguza zaidi, na bati, tangi la maji au kioo kikubwa cha kabati huweza kuyazuia kabisa. Kisha kuna kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukuta wa namna hiyo unaweza kufika nusu mita kwa unene, na likiwekewa kuta mbili za hivyo mbele yake, wimbi la 5 GHz hubaki kivuli.

Usikisie. Weka programu ya bure ya kupima mawimbi kwenye simu ya Android, tembea chumba kwa chumba, andika namba kwenye karatasi. Namba huwa hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu. Ukiona -50 hapo pana mawimbi mazuri. Mafundi wengi huchukua -67 kuwa mpaka wa simu ya video isiyokatika. Ukifika -80, hata ujumbe wenye picha utasuasua. Karatasi hiyo itakuokolea fedha kuliko ushauri wowote wa muuzaji.

Waya. Je, unaweza kupitisha waya kutoka kwenye ruta mpaka karibu na chumba chenye shida? Waya wa netiweki wa Cat5e au Cat6 hubeba gigabiti moja kwa umbali wa hadi mita 100, na unene wa ukuta hauuhusu. Swali hili ndilo linalozigawa njia zetu makundi mawili: ripita na meshi zinaweza kuishi bila waya, ruta ya zamani na aksesi pointi ya dari zinauhitaji. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta na mwenye nyumba anayeweza kupandisha fundi darini hawana chaguo sawa.

Idadi ya watu. Hesabu vifaa, usihesabu vichwa tu. Familia ya watu watano huwa na simu tano, televisheni, kompyuta moja au mbili, pengine na kamera ya getini. Hiyo ni mizigo tofauti kabisa na chumba cha mkutano chenye watu arobaini.

Umeme. Ukikatika, vifaa vingapi vitahitaji betri ili mtandao usimame? Kimoja cha sebuleni kinashikiliwa na kibetri kidogo cha ruta. Vitatu vilivyotawanyika nyumba nzima ni hadithi nyingine.

Msimamizi. Mwaka kesho kitu kikigoma, nani atakayeijua nenosiri ya kuingilia? Bei nitazitaja kwa kulinganisha tu, kwani hutofautiana sana kati ya duka na duka.

## Ripita

Inavyofanya kazi. Ni kifaa kidogo, mara nyingi cha kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Husikiliza waifai ya ruta na kuirudia kwa sauti yake.

Kasi. Fikiria mkalimani mkutanoni. Lazima asikie sentensi, kisha aiseme tena, na wakati anaisema msemaji ananyamaza. Ripita yenye redio moja hufanya hivyo hivyo kwenye chaneli ileile, na ndiyo maana kasi inayobaki kwa mtumiaji huwa karibu nusu. Zile zinazotumia masafa yote mawili zinaweza kusikia kwa 5 GHz na kusema kwa 2.4 GHz, na hapo hasara hupungua. Lakini hakuna ripita inayoweza kurudia kile ambacho haikusikia vizuri.

Kosa ninalolikuta kila mara ni ripita kuchomekwa ndani ya chumba chenye shida. Pale inasikia minong'ono, na inairudia minong'ono hiyo kwa sauti kubwa: simu inaonyesha mistari yote imejaa, na bado hakuna kinachofunguka. Mahali pake ni katikati ya safari, pale karatasi yako inaposema -60 au -65, mlango ukiwa wazi kuelekea pande zote mbili.

Ufungaji. Dakika kumi. Unabonyeza kitufe cha WPS, cha kuunganisha bila kuandika nenosiri, kwenye ruta na kwenye ripita, au unafuata maelekezo ya programu kwenye simu. Ukimaliza, zima WPS kwenye ruta, maana njia yake ya PIN ina udhaifu unaojulikana tangu 2011.

Umeme na gharama. Ndiyo rahisi kuliko vyote vya kununua. Ila inakula umeme wa soketi moja kwa moja, hivyo ukikatika inazima hata kama ruta ina betri.

Inamfaa nani. Mpangaji mwenye chumba kimoja chenye shida na matumizi mepesi: ujumbe, habari, muziki. Tena kagua kama ina tundu la waya. Nyingi zinalo, na zina hali ya kufanya kazi kama aksesi pointi. Siku utakapopata waya, kifaa hichohicho kitakuwa kitu bora zaidi bila kununua kingine.

## Ruta ya zamani iliyogeuzwa aksesi pointi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia iliyo kabatini mwa watu wengi bila wao kujua, na ndiyo inayoharibu mitandao mingi ikifungwa vibaya.

Inavyofanya kazi. Ruta ya nyumbani ni vitu vitatu ndani ya boksi moja: mlango wa kwenda nje, swichi ya nyaya, na redio ya waifai. Chumba cha nyuma hakihitaji mlango wa pili, kinahitaji redio tu. Kwa hiyo tunauziba mlango na kuacha swichi na redio.

Kasi. Kwa kuwa mtandao unakuja kwa waya, hakuna kugawana hewa na ruta kuu. Kasi utakayopata ni ile ya redio yenyewe na ya tundu la waya. Angalia tundu: ruta nyingi za bei ya chini zina matundu ya megabiti 100, na hapo ndipo zinapokomea hata kama kifurushi chako ni kikubwa zaidi. Kwa nyumba nyingi hiyo inatosha kabisa.

Ufungaji. Anza na ruta ikiwa peke yake, haijaunganishwa na kitu. Bonyeza kwa pini kile kitufe kilichojificha nyuma kwa sekunde kumi hivi mpaka taa ziwake upya; imesahau yote ya zamani. Unganisha kompyuta kwa waya, fungua anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, ingia. Kama menyu ina hali ya AP, yaani aksesi pointi, ichague, weka jina na nenosiri, umemaliza.

Kama haina, fanya hivi kwa mpangilio huu. Kwanza badilisha anwani ya ruta hiyo yenyewe. Ikiwa ruta kuu ni 192.168.1.1, ya pili ipe 192.168.1.2, na hakikisha namba hiyo haimo kwenye zile ambazo ruta kuu inazigawa kwa simu. Hifadhi, kisha ingia tena kwa anwani mpya. Pili, zima DHCP, ile huduma inayovigawia vifaa anwani. Tatu, weka jina la waifai, nenosiri na usalama wa WPA2 au WPA3. Nne, leta waya kutoka tundu la LAN, yaani la mtandao wa ndani, la ruta kuu na uuchomeke kwenye tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN, yaani ule mlango wa kwenda nje, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti, liache tupu.

DHCP ndiye mgawaji wa anwani, na nyumba inataka mgawaji mmoja. Katika shule niliyoisimamia, mwalimu mmoja kwa nia njema alichomeka ruta ya nyumbani kwake kwenye soketi ya chumba cha walimu. Siku hiyo hakuna kilichotokea. Kesho yake kompyuta za ofisi zikaanza kupoteza intaneti moja baada ya nyingine, kila moja zamu yake ya kuomba anwani upya ilipofika. Ruta ngeni ilikuwa inazijibu: "Anwani yako hii, na mlango wa kutokea ni mimi." Naye hakuwa na mlango. Tulihangaika siku mbili tukidhani tatizo liko nje, mpaka nilipoona kompyuta moja ina anwani inayoanza na tarakimu zisizo zetu.

Na ukichomeka kwenye WAN bila kubadilisha chochote? Intaneti itakuja, ndiyo maana wengi huacha hivyo. Ila umejenga nyumba mbili ndani ya moja. Simu iliyo upande wa pili haitaigundua printa iliyo upande wa kwanza, na televisheni haitaonekana kwa anayetaka kurushia picha kutoka chumba kingine.

Umeme na gharama. Gharama ni waya na muda wako. Inahitaji soketi na betri yake chumbani.

Kuna ruta ambazo ni bora zibaki kabatini. Isiyo na WPA2, usalama uliokuwapo tangu 2004, isirudi hewani. Na ile uliyopewa na kampuni ya intaneti inaweza kuwa bado ni mali yao au mipangilio yake imefungwa. Uliza kabla ya kuifumua.

Inamfaa nani. Mwenye njia ya kupitisha waya, mwenye kifaa tayari, na asiyeogopa kukaa saa moja na menyu. Kwa chumba kimoja au viwili, sijaona kinachoizidi kwa thamani ya fedha. Bandika karatasi nyuma yake yenye anwani mpya, maana baada ya miezi sita hutaikumbuka.

## Aksesi pointi ya dari

Inavyofanya kazi. Ni sahani nyeupe inayokaa darini, yenye kazi moja tu: kusambaza waifai. Haina mlango wa kwenda nje, kwa hiyo ruta yako kuu inabaki na kazi zake zote. TP-Link wanazo katika jamii ya Omada, Ubiquiti katika UniFi, na MikroTik, ambayo mafundi wengi wa hapa wanaijua kwa ruta zake, inazo pia.

Kasi. Inapata mtandao kwa waya, antena zake zimetengenezwa kumwaga mawimbi chini na pembeni, na iko juu ya makabati na vichwa vya watu. Kwenye chumba chenye watu wengi tofauti huonekana wazi.

Ufungaji. Hapa ndipo penye kazi. Uzuri ni kwamba waya mmoja unaleta mtandao na umeme pamoja, kwa mfumo wa PoE. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 hutoa hadi wati 15.4, na cha 802.3at cha 2009 hadi wati 30. Vifaa vya viwango hivyo huulizana kwanza kabla umeme haujatoka. Lakini kuna PoE nyingine isiyouliza, ya volti 24 mara nyingi, inayosukuma umeme muda wote. Ukiichomeka kwenye kifaa kisichoitarajia unaweza kukiunguza. Soma kibandiko cha adapta na cha aksesi pointi, vikubaliane.

Waya nao una mitego. Roli la bei ya kutupa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na huandikwa CCA pembeni. Inapitisha data kwa safari fupi, lakini umeme wa PoE huipasha moto na kupotea njiani. Omba shaba tupu, kwangua ncha kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, rudisha. Pia usiulaze waya wa netiweki sambamba na waya wa umeme ndani ya paipu moja.

Kwenye nyumba za mawe, kutoboa si jambo la kuamua asubuhi na kufanya jioni. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na majengo yake yana taratibu za kuyagusa. Chokaa ya zamani pia humeguka kuliko unavyotarajia. Mara nyingi nimepitisha waya kwenye ua wa ndani, juu kandokando ya boriti, ukaingia vyumbani kwa matundu yaliyokuwapo ya waya wa umeme au ya bomba lisilotumika, bila kugusa ukuta.

Umeme na gharama. Ni ghali kuanza: kifaa, adapta au swichi ya PoE, roli la waya, na ujira wa fundi. Lakini kuhusu umeme inazishinda zote. Ukiwa na swichi ya PoE, weka betri moja pale ilipo ruta na swichi, na dari zote zitaendelea kuwaka umeme ukikatika.

Inamfaa nani. Nyumba ya wageni, shule, zahanati, ofisi, nyumba kubwa ya familia. Pia yeyote anayehitaji majina mawili ya waifai yaliyotengana, wageni huku na hesabu za biashara kule. Kwa mpangaji wa vyumba viwili ni mzigo asiouhitaji.

## Meshi

Inavyofanya kazi. Ni seti ya vifaa viwili au vitatu vinavyofanana, vinavyoongea vyenyewe kwa vyenyewe na kuonekana kwa simu kama mtandao mmoja. Kimoja kinaunganishwa na ruta kuu, vingine unavitawanya.

Kasi. Yote inategemea mazungumzo ya vifaa hivyo. Seti nzuri zina redio ya tatu kwa ajili ya mazungumzo hayo tu, na hapo hali ya mkalimani niliyoieleza juu hupungua sana. Seti za bei nafuu hutumia redio zilezile za watumiaji. Nyumba ya matofali ya ghorofa moja, yenye milango inayotazamana, hupata matokeo mazuri sana. Nyumba ya mawe hapana, kwa sababu vifaa vya meshi vinalazimika kuvuka ukuta uleule ulioshinda ruta. Dawa ni kuvipanga vionane: kimoja mlangoni kuelekea ua, kingine upande wa pili wa ua, cha tatu kwenye ngazi. Ukuta ukikataa kabisa, seti nyingi zinakubali kuunganishwa kwa waya, na hapo huwa sawa na aksesi pointi.

Ufungaji. Programu ya simu inakuongoza kwa picha. Jambo moja la kukumbuka: kama ruta kuu inabaki kazini, ichagulie meshi hali ya AP, la sivyo utazirudia zile nyumba mbili ndani ya moja. Pia kampuni moja haichanganyiki na nyingine kirahisi. Siku ukitaka kuongeza kifaa utarudi kwa kampuni uliyoanza nayo.

Umeme na gharama. Bei yake ni kubwa kuliko ripita kwa mbali, na seti yenye redio ya tatu inaweza kukaribia gharama ya aksesi pointi pamoja na fundi wake. Kila kifaa kinataka soketi na betri yake. Nyumba yenye vifaa vitatu na betri moja tu sebuleni itarudi kwenye shida ileile kila umeme unapokatika.

Inamfaa nani. Familia inayotaka nyumba nzima ifikiwe bila kutoboa, yenye uwezo wa kulipa, na ambapo hakuna mtu wa kuingia kwenye menyu. Nimewafungia wazee wawili wanaoishi peke yao, na mtoto wao aliye nje ya nchi anauangalia mtandao huo kwa simu yake.

## Jina moja au majina mawili?

Swali hili linakuja kwa njia zote isipokuwa meshi, ambayo hulijibu yenyewe. Ukitumia jina lilelile, nenosiri lilelile na usalama uleule kwenye ruta kuu na kifaa cha pili, simu itahama yenyewe ukitembea. Lakini anayeamua kuhama ni simu, na simu nyingi hung'ang'ania kifaa cha mbali mpaka mawimbi yawe mabaya sana. Ukiona hivyo, punguza nguvu ya redio zote mbili kidogo. Watu hushangaa, lakini mtandao hutulia.

Kwa vifaa vinavyoletewa mtandao kwa waya, chaneli lazima zitofautiane. Kwenye 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11, kwani hizo tatu hazigusani, na upana uwe 20 MHz. Kwenye maghorofa ya Kariakoo au Nairobi, ambako simu inaona majina thelathini ya majirani, masafa ya 2.4 GHz huwa soko la jioni. Huko zile kuta zinazozuia 5 GHz ni rafiki yako: zinamzuia na jirani. Weka kifaa karibu na unapokaa, tumia 5 GHz.

Kuna pia adapta zinazopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme za nyumba. Zinafaa pale vyumba vyote viwili viko kwenye njia moja ya umeme na nyaya ni nzima. Kwenye nyumba za zamani nimeziona zikifanya kazi asubuhi na kulegea jioni watu wakiwasha vifaa. Kama unaweza kuazima seti ya kujaribia, jaribu. Kununua bila kujaribu, sishauri.

## Kulingana na hali yako

*Umepanga chumba na sebule, huruhusiwi kutoboa.* Kwanza hamisha ruta yenyewe, iondoke nyuma ya televisheni, ipande juu ya kabati. Shida ikibaki, ripita ya masafa mawili yenye tundu la waya, katikati ya njia.

*Nyumba yako ya matofali, dari ni ya ubao, una ruta ya zamani.* Pitisha waya darini na ugeuze ruta hiyo. Ikishindwa kubeba mzigo siku za mbele, waya uko tayari kwa aksesi pointi.

*Nyumba kubwa ya familia, hakuna fundi wala muda.* Meshi, na nunua seti yenye redio ya tatu. Omba ruhusa ya kurudisha kama haitafika chumba cha mwisho.

*Nyumba ya mawe.* Tafuta njia ya waya kwenye ua kabla ya kitu kingine. Ukiipata, aksesi pointi moja kwa kila upande, au ruta ya zamani kama fedha ni kidogo. Usipoipata, meshi iliyopangwa kupitia milango na ngazi, ukubali kwamba vyumba vya ndani kabisa havitapata kasi ya sebuleni.

*Nyumba ya wageni, shule au ofisi.* Aksesi pointi za dari, swichi ya PoE, betri moja. Watenge wageni kwa jina lao. Zima ruhusa ya mtu yeyote kuchomeka ruta yake ukutani, na kama swichi yako ina uwezo wa kuzuia DHCP ngeni, iwashe siku ya kwanza.

*Banda au duka ng'ambo ya uwanja.* Waya wa nje usiochakaa kwa jua unafaa kwa umbali mfupi, ukiwa na kinga ya radi pande zote mbili. Kama majengo yana umeme wa mita tofauti au eneo lina radi nyingi, faiba ni salama zaidi kwa kuwa haipitishi umeme. Mwisho wa waya huo, ruta ya zamani inatosha duka dogo.

*Bado unajenga.* Kabla ya lipu, mwambie fundi umeme alaze paipu tupu kutoka pale ruta itakapokaa mpaka katikati ya dari ya kila ghorofa, na nyingine mpaka getini, kila moja ikiwa na kamba ndani ya kuvutia waya. Waya wenyewe unaweza kuununua mwaka ujao.